Nipime Unga wa Watu Wangapi

Runzewe, jioni ya kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana umenipita hapa mlangoni sasa hivi na ndoo ya maji kichwani na nimekuona ulivyo. Na wewe umeniona nilivyo: nimekalia kiti cha baba yako, nimeweka karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, na unadhani naandika vitu vya kununua sokoni. Acha udhani hivyo hivyo. Utazikuta karatasi hizi katikati ya khanga nilizokukunjia, na wakati huo basi litakuwa limeshaipita Kahama. Hata ukitaka kushuka urudi kunibishia, utakuwa umechelewa.

Habari za kuchemsha maji, za nauli, za kufunga mlango kwa komeo, shangazi yako wa Dar atakuimbia mpaka uzikinai. Mimi nataka tuongee vitabu vya vita. Najua umeshaanza kucheka. Cheka, lakini usiruke mistari, maana kuruka mistari ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukwambia.

Unakwenda kulipwa kwa kusoma miswada ya watu na kusema umeionaje. Kazi hiyo mama yako nimeifanya miaka yote pale karashani, bila cheti na bila feni. Kuna siku niliifanya vizuri. Kuna siku niliiharibu mbele za watu, na mji mzima unanicheka mpaka leo. Ile niliyoiharibu ndiyo ninayokufungashia.

Wewe ulipopata akili ulinikuta na meza ya vitabu, ukadhani nilizaliwa nayo. Nilikuja huku kutoka Kagongwa na sufuria ya uji, wewe uko mgongoni. Nikapata nafasi chini ya turubai jirani na karasha. Mashine ile inaposaga mawe ya dhahabu unajua kelele zake, unazisikia mpaka kwenye meno. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahama akaniachia sanduku la vitabu kwa sababu gari lilishajaa, akasema atalirudia. Hajalirudia.

Wachimbaji walikuwa wanaleta mawe yao wanasubiri zamu ya kusaga. Na mawe hayaachwi. Ukigeuka kidogo tu mfuko wako umeshabadilishwa, unakuja kusagiwa kokoto za barabarani. Kwa hiyo mtu anakalia mfuko wake kutwa nzima, pengine na kesho yake, hana la kufanya. Nikatazama wanaume wazima wanavyohesabu vidole vya miguu, nikajisemea, hawa watasoma watake wasitake. Aliyeazima kitabu alinipa kopo la mawe kutoka kwenye mfuko wake, na mimi nikayasaga ya kwangu mwisho wa wiki. Sharti likawa moja tu. Ukirudisha kitabu, unapanda juu ya debe lililopinduliwa, unawaambia watu umekionaje. Kama hukukisoma unajulikana pale pale, kwa sababu aliyekisoma kabla yako bado amekalia mfuko wake anakungoja.

Vya mapenzi vilirudi vimekunjwa, vya dini vilirudi safi mno. Vilivyogombewa ni vya vita. Riwaya za makomandoo, na zile kumbukumbu za watu waliokwenda kweli wakarudi. Sijawahi kusikia watu wanabishania vitabu namna ile, na mpaka leo nikisoma maoni ya wasomaji kwenye simu yako naona wanaongea kwa adabu kupita kiasi.

Unamkumbuka Masalu alivyopanda debe mara ya kwanza, debe likabonyea. Alikuwa ameazima riwaya ya komando ambaye risasi zinamkwepa. Akasema, "Huyu mtu haogopi hata ukurasa mmoja. Mimi nashuka shimoni, kwenye duara, kila siku, nashuka na kamba, na kila siku naogopa. Asiyeogopa hajawahi kushuka mahali. Lakini anapiga vizuri, nipeni cha pili chake." Ndivyo alivyo Masalu mpaka leo, anakikosoa kitabu halafu anataka ndugu yake.

Bi Zuhura naye, wa duka la vitenge, watu wake wa Ujiji, alikuwa akija na swali lake lile lile. Awe ameazima kitabu cha jenerali au cha mtu wa chini kabisa, atapanda pale, atajitanda mtandio, atauliza, "Kuna watu kumi wamekufa kwenye sura ya tatu. Nani aliwaambia mama zao?" Wanaume wanaguna. Yeye anashuka, anachagua kingine. Na yule bwana wa Geita aliyekirudisha kitabu cha mkuu wa majeshi kimepungua, tulipombana akakubali kwamba sura ya nishani na gwaride ameisokotea tumbaku. Nilimfokea sana. Lakini baadaye nilikisoma chote nikaona alichagua sura sahihi.

Wengi hawakuwa wasomaji wa haraka, kwa hiyo nikawa nasoma kwa sauti. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Kusoma mbele ya karasha si mchezo. Mashine inanguruma, vumbi linapanda, na wewe una koo moja tu. Nikagundua kwamba bunduki zinasikika. Mabomu yanasikika. Mtu akipiga kelele "Lala chini", watu wanageuka. Lakini ikifika sura ambayo askari amekaa anamwandikia mkewe, au wamelala wananong'onezana gizani, nikisoma naona watu wanaanza kupiga miayo. Basi nikawa naziruka. Nafika hapo, nalamba kidole, nafungua mbele penye moshi. Watu wakanisifu kwamba najua kuchagua. Miaka, Kabula. Runzewe nzima ilivijua vitabu vya vita visivyo na hata barua moja.

Wewe ndiwe uliyenikamata. Ulikuwa umeshaanza kusoma mwenyewe, umejikunja chini ya meza na kile cha jalada la kijani, ukatoa kichwa ukaniuliza, "Mama, mbona humu kuna barua? Mbona ulisema ametoka mtoni akaingia moja kwa moja kwenye mapigano?" Nikakwambia niache nifanye kazi. Ukarudi chini ya meza. Tangu siku hiyo ukawa unasoma zile nilizoziruka, na mimi nikawa nakuona mtoto mpole asiyejua utamu ulipo.

Leo naandika barua mwenyewe, na ninaandika ndefu. Mama yako wa wakati ule angeiruka yote.

Sasa nikupeleke kwa Mzee Maganga, guku wako wa kujichagulia, maana babu zako wa damu hukuwakuta. Wakati anaanza kuja kwangu sikujua kama alipigana. Mzee mnyamavu, anatembeza jogoo sokoni, anaazima vitabu vya vita tu na kuvisoma kwa kuvisogeza karibu na pua. Akipanda debe anasema maneno yale yale. "Wabeja mama kwa kitabu. Askari wa humu hawali." Anashuka. Wiki nyingine anarudisha kingine. "Wabeja. Kurasa zote hizi, hakuna aliyekula." Watu wakawa wanamsubiri wacheke. Masalu akamwuliza siku moja, "Mzee, wewe unataka vita au unataka hoteli?" Mzee akamjibu taratibu kwamba vita vya Uganda alikwenda, akarudi, na kazi yake kule ilikuwa kupika.

Wengine walicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unanisaidia mezani, ukamwambia, "Basi guku, andika wewe cha watu wanaokula."

Akaandika. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo nusu ya kwanza aliandika kwa mkono wake na nusu ya pili alikusimulia ukaandika wewe, alasiri baada ya alasiri, pale kwake nyuma ya banda la kuku. Ulikuwa unarudi nyumbani unanuka moshi na huongei. Mimi nikidhani amekuchosha na hadithi za maharage.

Halafu akaniletea. Alivaa koti. Kabula, huyu mzee alivaa koti kwenye jua lile la karashani, akanipa karatasi zake kwa mikono miwili, akasema, "Mama Kabula, wewe ndiye unayejua vitabu hapa." Akakaa juu ya mfuko wa mtu akanisubiri. Na mimi nikafungua pale pale, mashine inanguruma, nikaanza kusoma kwa sauti nikitafuta penye moshi. Nikageuza. Nikageuza tena. Unga, maji, kuni mbichi, sufuria iliyobebwa na watu wawili mlimani. Watu wakaanza kutazama kwingine. Nikafunga, nikampa hukumu yangu mbele ya wote, kwa ile sauti yangu ya kushindana na mashine. "Mzee Maganga, vita viko wapi humu?"

Akasema, "Wabeja, mayu," kama anamshukuru mama yake. Akachukua karatasi zake, akazifuta vumbi kwa kiganja, akaondoka na koti lake. Wewe ulininunia mpaka baba yako akaniuliza nimekukosea nini. Nikasema hujui vitabu. Nilisema hivyo kweli, kwa kinywa changu hiki.

Sasa utapata meza, na watu watakuletea maisha yao wamevaa koti. Sikufundishi kazi, nakwambia tu nilipokwama mimi. Sikuwa na nia mbaya. Nilikisoma kitabu kile mahali pabaya, basi. Nilikaa karibu na mashine miaka mingi mpaka nikaona kisichosikika mbele ya mashine hakimo kitabuni. Na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu wote tulikuwa tumekaa pale pale.

Mbishano ukabaki. Masalu anasema kitabu cha vita bila bunduki ni kitabu cha mapishi. Bi Zuhura anasema hajakisikia, ila ndicho cha kwanza chenye mtu wa kuwapikia watoto wa watu, na anataka akisikie. Wakabishana mpaka mwenye karasha akachoka. Akasema yaamuliwe kama ngoma.

Huko Dar hutakuta watu wanaojua maana yake, kwa hiyo wasimulie vizuri. Huku kwetu baada ya mavuno ngoma mbili zinacheza uwanja mmoja, saa ile ile, kila moja na manju wake wa kuongoza nyimbo. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watu wenyewe wanakimbilia upande unaowavuta, na filimbi ikilia wenye watu wengi ndio walioshinda. Mwenye karasha akatoa dume la ng'ombe, akasema Masalu asome kitabu chake upande huu, mzee asomewe chake upande ule, uwanja wa mnada, Jumapili.

Mzee alilitaka lile dume kuliko mtu yeyote, na sababu tulizijua wote. Kule Mwanza kuna wachapaji waliomwambia watamtolea kitabu akileta gharama, na dume lilitosha. Na daktari alishamwambia kwamba macho hayarudi, yanakwenda tu. Alikwambia wewe, na wewe uliniambia mimi huku umenigeuzia mgongo, kwamba anataka alione jina lake juu ya jalada kwa macho yake. Hataki kuja kusomewa jina lake na mtu.

Na mimi nilisimama upande wa Masalu. Hili unalijua, mji mzima unalijua. Riwaya ya komando niliichagua mimi kutoka mezani kwangu, na nikamfundisha Masalu pa kuanzia. Niliamini nakuonyesha wewe kitabu ni nini. Sikutaka mzee ashindwe, ila nilikuwa na hakika atashindwa, na mtu mwenye hakika hasikii huruma vizuri.

Filimbi ikalia. Masalu akaanza na daraja linalolipuka, na kifua chake kile hakihitaji spika. Watu wakamiminika kwetu wanashangilia kila bomu. Nikatazama kule. Mzee amekaa kwenye kigoda na koti lake, wewe umesimama pembeni yake unasoma kwa kupiga kelele, sauti imekwaruza, haifiki hata kwenye kamba ya uwanja. Mlikuwa na Bi Zuhura na watoto wachache waliofuata kivuli. Nikasema moyoni, maskini mwanangu. Na nikaona raha kidogo pia, Mungu anisamehe.

Halafu ukanyamaza.

Nilidhani umeshindwa unalia. Ukakaa chini kwenye vumbi na gauni lako la kanisani, ukaegemea goti la mzee, ukaanza upya kwa sauti ya kumsomea yeye peke yake. Midomo yako nilikuwa naiona inacheza na sikusikia kitu. Bi Zuhura akasogea akakaa chini. Kina mama waliokuwa katikati hawajaamua upande wakasema, "Anasemaje?" Wakasogea wasikie. Waliokuwa nyuma yao nao hawakusikia, wakasogea. Nikasikia mtu anamwambia mwenzake, "Nyamaza wewe, tusikie." Huko kukaribia ndiko kuhama upande, na walikuwa hawajui kwamba wanahama.

Nimeona manju akiingia uwanjani na chatu shingoni. Nimeona mwingine akija na fisi amemfunga kamba. Lakini manju wa kuwavuta watu kwa kunyamaza sijawahi kumwona kabla yako, na nina umri huu.

Kwetu wakaanza kupungua. Masalu akapandisha sauti, akalipua helikopta ambayo nina hakika haimo kitabuni. Wakazidi kuondoka, kwa sababu ukiona watu wamesongamana kimya mahali unataka kujua wana nini. Mwishowe Masalu akashusha kitabu akanitazama. "Mama Kabula, nimebakiwa na wewe peke yako. Na wewe mwenyewe hunisikilizi."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimegeuza shingo.

"Twende basi," akasema, akaweka riwaya kwapani. Tukavuka uwanja sote wawili, mimi na mshindani wako, tukasimama nyuma kabisa ya watu, na hapo ndipo nilipokisikia kitabu cha Mzee Maganga kwa mara ya kwanza. Kipande kile nimekishika kwa kichwa mpaka leo.

"Siku hiyo nilipika ya kikosi kizima. Walikuwa wametoka asubuhi, na mmoja aliniomba nimtunzie ukoko. Jioni wakarudi, wakapanga mstari, nikapakua. Mstari ukaisha, ugali ukabaki. Nikafunika sufuria usipoe. Hakuna aliyeniambia kitu na mimi sikuuliza. Asubuhi nikachukua kopo la unga nikamfuata kamanda. Afande, leo nipime unga wa watu wangapi? Afande akageuka akatazama upande wa pili. Nikapima ule ule wa jana."

Masalu alikuwa ameziba sikio moja kukwepa upepo. Akaninong'oneza, "Amepima wa wangapi?" Nikamwambia, "Ule wa jana." Akavua kofia. Huyu aliyekuwa anataka bunduki. Nami nikalia, Kabula, nililia bila kujificha, nikijua kwamba ukurasa ule nilikuwa nao mkononi karashani na nikaugeuza.

Lakini kilichonimaliza ni kilichofuata. Mzee hakuona watu. Kwa ukungu ule aliona vumbi na mwanga tu, na alichosikia ni uwanja umetulia. Akakuuliza, na kwa jinsi palivyokuwa kimya hata sisi wa nyuma tulimsikia. "Mjukuu wangu, wameondoka wote?"

Ukamwambia, "Guku, nyoosha mkono."

Akanyoosha mkono mbele, ukagusa bega. Akausogeza kulia, bega. Kushoto, kichwa cha mtoto. Akanyanyuka kwenye kigoda, akapiga hatua, na kila alipopeleka mkono pana mtu, na watu wakawa wanaupokea mkono wake wanasema, "Shikamoo mzee. Shikamoo. Tupo." Akawa anaitikia marahaba, marahaba, mpaka sauti ikamkauka. Filimbi ilikuja kulia baadaye. Mwenye karasha aliutazama upande wa Masalu, akaona mbuzi wawili, akamkabidhi mzee kamba ya dume. Vigelegele vya siku ile nadhani walivisikia Ushirombo. Walikubeba juu, na gauni la kanisani likachanika, na mimi niliyenunua kitambaa chake nilikuwa wa kwanza kukushika mguu kukunyanyua.

Na kitabu kikatoka, na jina lake akaliona. Ulikuwepo ulipofunguliwa ule mzigo wa Mwanza. Alilileta jalada mpaka kwenye pua, akalipitisha polepole, herufi moja moja, kwa jicho la kushoto lililobaki na nguvu. Tukangoja atasema neno kubwa. Akasema, "Wamezinyoosha vizuri." Akakiweka ndani ya koti.

Umeyasoma maoni ya wasomaji wake kuliko mimi. Kuna aliyelalamika hakuna ramani. Kuna aliyesema amekisoma kwenye foleni ya hospitali akapitwa na namba yake. Yule mama wa Kagongwa ambaye kaka yake hakurudi kutoka kule alikuja mwenyewe na kitabu mkononi, akamwuliza mzee kama yule wa ukoko alikuwa mrefu. Mzee akamwambia alikuwa wa kimo cha kawaida, na wakakaa pale nyuma ya banda la kuku wakala. Na kikafika mpaka Dar kwa hao wachapishaji wako, wakauliza ni nani aliyekiandika vizuri hivi kutoka mdomoni mwa mzee, na ndiyo maana mabegi yamejaa chumbani. Hukupendekezwa na mtu. Ulikaa chini kwenye vumbi ukanyamaza wakati kila mtu anapiga kelele, na mama yako mzazi akiwa upande wa pili. Ukifika mbele ya hao mabwana wenye tai wakakuuliza uzoefu wako, waambie hivyo hivyo ilivyokuwa, na usiinamishe uso.

Meza yangu nimeihamisha, umeona. Iko mbali na karasha sasa, karibu na duka la Bi Zuhura, na debe tumelileta. Masalu ndiye msomaji wetu wa sauti. Wiki iliyopita alifika kwenye barua ya askari, nikamwona analamba kidole, nikakohoa. Akaisoma yote.

Mzee Maganga alipita leo mchana ulipokuwa kwa fundi. Macho sasa yamekwisha kabisa, amekuja ameshikwa mkono na jirani. Hakutaka kukuaga kwa maneno, anasema mliagana zamani. Alikaa hapa nilipo akasikiliza ninavyotwanga, akauliza, "Mama Kabula, kesho jioni utapima unga wa watu wangapi?"

Nilidhani ananitania. Nikafungua mdomo nimjibu, wawili, mimi na baba yako, nikakitazama kigoda chako. Nimesimama na mchi mkononi, mwanamke niliyeuliza vita viko wapi humu, na ndiyo kwanza nakielewa kitabu mpaka mwisho.

Basi nimeshaamua, na yeye nimemwambia akakubali. Sipunguzi kitu. Kesho basi likishaondoka nitalia kidogo, nitakwenda kwenye meza yangu, jioni nitapima unga ule ule wa leo, na Mzee Maganga atakuja kukalia kigoda chako ale ukoko wako. Ameshaanza kusema kwamba ugali wangu hauivi.

Nenda mwanangu, kawasikilize watu. Ukirudi, mzee atasogea.

Mama yako,
aliyevuka uwanja